Watu Elfu Tano na Mia Mbili wa Westerwarum

Inatangazwa kwa wote, wazima na wagonjwa, wanaomeza vidonge kwa maji na wanaomeza kwa kahawa, ya kwamba katika kijiji cha Westerwarum, kaskazini kabisa mwa Groningen, pale barabara inapokwishia kwenye tuta la kuzuia bahari na upepo unapoanzia safari zake, anaishi mwanamke ambaye wasomi wa takwimu walimtafuta miaka kumi bila kujua kwamba wanamtafuta. Jina lake Geeske Wiersema. Kimo chake cha kawaida, miwani yake ina kamba, baiskeli yake ni ya kijani. Chuo kikuu hakuwahi kukikanyaga, na akili yake haikupata madhara yoyote.

Kwa miaka thelathini na minane Geeske alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa la kijiji. Mfamasia mwenye cheti ukutani alikuwa na maduka matatu ya kuyaangalia, kwa hiyo alikuja Jumanne na Alhamisi, akatia saini, akailaumu mvua, akaenda zake. Kijiji chote kilijua duka ni la nani.

Kwenye maduka ya dawa ya nchi hii mtu haulizwi jina kwanza. Majina yanafanana mno. Ukiita Jan wanageuka kumi na mmoja na mbwa. Huulizwa tarehe ya kuzaliwa. Geeske alikuwa hata haulizi, maana tarehe zote alizihifadhi kichwani kama mtu anavyohifadhi sala. Mlango ukilia kengele tu, yeye tayari amevuta droo.

"Tarehe nne Machi hamsini na moja, dawa yako hii hapa. Na yule wako wa tisa Agosti, goti lake vipi?"

"Amelala kwenye kochi anamtukana daktari."

"Basi amepona."

Ila binadamu husahau, hata Geeske. Kwa hiyo nyuma ya duka, chooni, mahali ambapo kila nyumba ya heshima ya nchi hii hutundika kalenda ya siku za kuzaliwa, alitundika ya kwake. Tofauti ni kwamba kalenda za watu wengine zina shangazi wanne na jirani mmoja. Ya Geeske ilikuwa na kila mtu aliyewahi kupokea dawa kwenye kaunta ile. Jina na tarehe tu; magonjwa ya watu aliyaacha kichwani, chini ya kufuli. Kila mwezi ulikuwa na karatasi zake zilizoongezwa kwa gundi, zikaning'inia hadi karibu na sakafu kama ndevu. Aliyekufa alipigwa msalaba mdogo, hafutwi. Aliyehama alipigwa mstari. Na aliyepitisha mwaka bila kuonekana aliwekewa alama ya kuuliza, kisha Geeske akapanda baiskeli akaenda kumgongea mlango kuhakikisha kama ni wa msalaba au ni mzima tu. Karibu na swichi alibandika kikaratasi: ZIMA TAA.

Kona ya duka ilikuwa na mashine ya kahawa ya bure na viti vinne, na viti vinne vile ndivyo chanzo cha msukosuko wote huu. Wajane wa Westerwarum, wazee waliobaki na nyumba kubwa na redio, walivipenda. Ila mtu mwenye soni haendi dukani kunywa kahawa tu. Sharti awe na shughuli. Geeske akawapa shughuli. Daktari akiandika dawa ya miezi mitatu, yeye alitoa ya wiki moja.

"Nyingine Ijumaa ijayo," alisema.

"Zimekwisha?"

"Zipo. Lakini Ijumaa ijayo mimi pia nipo."

Akaja Luppo Tammens, tarishi mstaafu na mwenyekiti wa chama cha kijiji, kwa vidonge saba vya moyo, saba vya presha na saba vya sukari. Wakaja wenzake kwa vidonge saba vya hiki na saba vya kile. Mmoja tu alikuja bila kisingizio: Tjaard Boelema, mkulima wa viazi kutoka shamba la mwisho chini ya tuta, kapera, mkubwa kama kabati. Huyu alijisifu kwamba tangu atoke tumboni mwa mama yake hajameza hata kidonge kimoja.

"Mmekaa kama vifaranga mnasubiri kutiliwa chakula mdomoni," aliwaambia kila siku, huku akiinywa kahawa yao.

"Na wewe unasubiri nini hapa, Tjaard?" Luppo aliuliza.

"Nasubiri mmoja wenu afe, nipate kiti chenye mto."

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila Geeske alipokabidhi dawa, kompyuta iliandika mstari mmoja, na mstari ule, ukiwa umevuliwa jina kama sheria inavyotaka, uliruka hadi ofisi moja katika mji wa Utrecht. Ofisini hapo palikuwa na bwana aliyetaka kujua kila duka la dawa nchini linahudumia watu wangapi. Daftari la wilaya lilijua nani anaishi wapi, ila halikujua nani anachukua dawa wapi. Huyu ananunua karibu na kazini, yule amegombana na mfamasia wake tangu enzi za sarafu ya zamani. Basi bwana yule akabuni njia. Chukua mistari yote ya mwaka, igawanye kwa kumi na mbili, kwa kuwa mtu wa kawaida hupata mistari kumi na miwili kwa mwaka. Jibu ndiyo idadi ya watu. Alipata shahada ya uzamivu kwa kugawanya kwa kumi na mbili. Wengine tuliadhibiwa kwa hesabu hiyo hiyo darasa la nne.

Hesabu hizo zilikuwa na meno. Mwezi wa kumi ilitoka amri: duka linalohudumia watu chini ya elfu moja na mia tano, kaunta yake inafungwa. Badala yake utawekwa ukuta wa makasha ya chuma kwenye supamaketi ya karibu. Unabonyeza namba, kikasha kinafunguka, unachukua vidonge vyako vya miezi mitatu, unakwenda kufia nyumbani. Kasha haliulizi habari za goti.

Geeske alijua fika kwamba Westerwarum na mashamba yake yote yangeifikia elfu na mia tano kwa kuchechemea tu, kama itafika. Wiki mbili hakulala vizuri. Halafu barua ikaja, na Luppo akaisoma kwa sauti ya tarishi ambaye hatimaye ameruhusiwa kufungua bahasha za watu:

"'Kwa mujibu wa makadirio yetu, duka lenu linahudumia watu elfu tano na mia mbili.'"

Kijiji kilichanganyikiwa kwa furaha. Kufikia jioni chama cha kijiji kilikuwa kimeshadai taa za barabarani, basi la Jumapili na duka la pili la chipsi. Mwokaji akaleta keki imeandikwa 5200 kwa krimu. Kocha wa timu ya mpira, ambaye msimu mzima alikuwa akiingia uwanjani na wachezaji tisa, alisimama mlangoni akauliza kwa uchungu wa kweli: "Watu elfu tano. Na siku ya mechi huwa wanakwenda wapi?"

Geeske alikula nusu ya kipande kimoja cha keki, akakiweka chini. Asubuhi yake akainua simu akapiga Utrecht.

"Mmekosea," alisema. "Sisi hatufiki elfu tano. Hata na ng'ombe hatufiki."

Luppo alipopata habari alikuja mbio, kofia upande.

"Geeske, mwenzangu, wametupa wenyewe! Hatukuiba! Si ungenyamaza tu?"

"Ningenyamaza, wangekuja wenyewe siku moja, wakakuta watu elfu na kitu na taa sita za barabarani. Hapo wangetufungia duka na kutucheka. Nifungiwe tu, inatosha."

"Wakileta makasha, mimi nitakwenda kukaa wapi?"

Geeske alichukua kitambaa. Alifuta kaunta, mahali palipokuwa pasafi tayari.

Bwana wa Utrecht alifika Ijumaa ya pili ya Novemba. Jina lake Diederik Molhoek, daktari wa takwimu, mwembamba, na kutoka kituo cha treni alikuwa amekodi baiskeli na kuiendesha kilomita kumi na moja upepo ukimpiga usoni. Alipoingia alikuwa amelowa hadi kwenye imani. Geeske akamkalisha, akampa kahawa, akafungua kopo la biskuti, akampa moja, akalifunga kopo.

"Bi Wiersema," alisema Diederik, meno yakigongana, "nimekuja kuwaona hao watu elfu tano na mia mbili."

"Wanne hao hapo. Wengine wana mafua."

Ilichukua vikombe vitatu vya kahawa kumweleza habari ya wiki moja moja. Diederik alisikiliza, akaandika, akafuta, kisha akaweka kalamu chini polepole kama mtu anayeweka maua kaburini.

"Kwa hiyo huyu bwana," akamwonyesha Luppo, "kwenye hesabu yangu ni watu kumi na watatu."

"Ndiyo maana anaongea hivyo," alisema Tjaard.

"Na kompyuta yenu yenyewe? Si inajua ina watu wangapi?"

"Inasema elfu mbili mia saba na kitu," Geeske alijibu. "Ila kila mke wa mtu imemwandika mara mbili, kwa jina la babake na kwa jina la mumewe. Na mbwa wa kata nzima wamo. Na farasi mmoja, ana pumu."

Diederik alijishika kichwa. Akaeleza kwamba siku ya mwisho ni leo, duka likifungwa saa kumi na moja na nusu ndipo hesabu inapofungwa. Asipopata idadi anayoweza kuiapia, itabidi atumie idadi ya wakazi wa kijiji kwenye daftari la wilaya, yaani elfu moja mia mbili na nne. Maana yake kila mtu aliijua: makasha. Mashine ya kahawa ilikohoa peke yake.

Halafu vikombe vile vitatu vikadai haki yao. Diederik akauliza choo kiko wapi, Geeske akamwelekeza, naye akapotea.

Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Luppo, ambaye kwa umri wake kahawa haikai tumboni, akaenda kugonga.

"Kijana, umezama?"

"...arobaini na mbili, arobaini na tatu... subiri!"

Luppo akarudi macho yamemtoka. "Anahesabu," alinong'ona. "Mambo ya chooni siku hizi yanahesabiwa huko Utrecht?"

Geeske akasogea mlangoni. Ndani sauti ya Diederik ilikuwa ikitetemeka kwa raha. "Bi Wiersema, hii kalenda! Hawa wote ni wateja wako?"

"Anayekuja kaunta anaandikwa. Asiyekuja haandikwi."

"Na misalaba?"

"Wafu."

"Na mistari ni waliohama? Na huyu mwenye alama ya kuuliza?"

"Huyo nilimkuta Jumatatu anapaka rangi banda la kuku. Mhesabu."

"Sheria hainiruhusu kupiga picha," sauti ilisema, "lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kukaa chooni."

Na akakaa. Watu wakapashana habari, duka likajaa. Mwokaji akaja na unga wake mikononi, kocha akaja na wachezaji wake wote tisa. Kila Diederik alipomaliza mwezi alipaza sauti, na Luppo akaandika namba nyuma ya karatasi ya matangazo ya dawa ya kikohozi. Januari mia moja ishirini na nne. Februari mia na tisa. Katikati ya Aprili mjane mmoja aliyezidiwa aligonga mlango kwa mwavuli, Diederik akapoteza hesabu, ikabidi aanze Aprili upya, na mjane akapelekwa kwa jirani akiongozwa na watu wawili. Ilipofika Septemba, mwezi wenye watoto wengi kwa sababu majira ya baridi kijijini ni marefu na televisheni ni mbovu, umati ulipiga makofi.

Geeske hakupiga. Alisimama mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe, akijumlisha kimya kimya, haraka kuliko Luppo na karatasi yake, na jumla haikumpendeza.

Saa kumi na moja na dakika tano Diederik alitoka. Mistari ya kiti cha choo ilikuwa imemganda mwilini, alitembea kama mtu aliyeshuka farasi. Akaitazama karatasi ya Luppo, akaitazama ya kwake.

"Elfu moja mia nne tisini na nane," alisema.

Wawili. Wamepungua wawili.

"Rudia," alisema Luppo.

"Nimehesabu mara mbili." Diederik akamgeukia Geeske, na sasa alionekana kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. "Bi Wiersema, wewe mwenyewe ni wa tarehe ngapi? Sikukuona."

Watu walimwangalia kama ameuliza samaki wana viatu namba ngapi. Kisha kicheko kikaanza kwa mwokaji, kikapita kwa kocha, kikalipuka duka zima. Nani anajiandika kwenye kalenda yake mwenyewe? Ili siku ikifika ajitumie kadi? Ajigongee mlango ajipongeze?

"Ila dawa unameza?" Diederik aliuliza, sikio moja limeziba kwa vicheko.

"Ya presha. Nachukua hapa."

"Anajikabidhi mwenyewe," alisema Luppo. "Wiki moja moja?"

"Mimi nachukua ya miezi mitatu. Sina muda wa kukaa na nyie."

"Elfu moja mia nne tisini na tisa," akaandika Diederik.

Vicheko vikazimika. Na polepole, bila mtu kumwambia mwenziwe, vichwa vyote vikageuka kumwelekea mtu wa kiti kisicho na mto.

Tjaard Boelema alishusha kikombe. "Msinitazame hivyo. Mimi siumwi."

"Hebu kohoa kidogo tu," alisihi Luppo.

"Sikohoi."

"Tjaard, bwana, unakunywa kahawa hapa mwaka wa kumi na tano. Makasha hayana kahawa. Makasha hayana hata kiti."

"Sijameza kidonge tangu nizaliwe, na sitameza leo kwa ajili ya bwana wa treni."

Geeske ndiye aliyezunguka kaunta. Hakubembeleza, alimshika mkono uliokuwa na kikombe akaugeuza kwenye mwanga. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa baridi na udongo wa viazi, mipasuko mirefu, mingine mibichi.

"Hivi ni tangu lini?"

"Kila majira ya baridi. Si ugonjwa. Ni mikono."

"Inauma?"

Tjaard akatazama nje dirishani, kwenye mvua. "Usiku," alisema.

"Hiyo haimezwi. Inapakwa."

Mzee akafikiri. Kuna heshima ya kutomeza, na kupaka si kumeza. Hata trekta hupakwa grisi. Akanyanyuka. Daktari alikuwa mlango wa pili, na timu ya mpira ya Westerwarum, kwa mara ya kwanza msimu ule, ikasonga mbele kwa pamoja, ikamsindikiza Tjaard mbele na nyuma wasije wakampoteza njiani. Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili walirudi na cheti cha dawa ya kupaka, na daktari mwenyewe nyuma yao aje kuona mwisho wake.

Geeske akarudi nyuma ya kaunta, akavaa miwani, akaweka vidole juu ya kompyuta. Kisha akasema maneno ambayo kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kumwambia mtu huyu.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Tjaard akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Lazima?"

"Lazima."

"Waambie watoke nje."

"Hawatoki."

Akainama, akasema kwenye kola ya koti lake. "Ishirini na tisa. Mwezi wa pili. Arobaini na nne."

Luppo alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliketi. "Miaka yote hii," alisema taratibu, "sisi tukikuuliza siku yako, wewe ukisema 'mwaka huu haipo', tukafikiri ni mzaha wa wakulima. Kumbe haipo kweli. Kwetu mwenye siku ndiye hulisha wengine keki, na yangu umeila mara kumi na tano, Tjaard. Wewe unatudai sisi keki au sisi tunakudai wewe?"

"Kila mwaka wa nne," alisema mwokaji, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kazi, "ungetakiwa kutuita wote. Viti duara, kahawa, keki. Ngapi hizo umeruka?"

"Ndiyo maana sikutaka kuandikwa," alinguruma Tjaard.

Geeske hakucheka. Alikuwa ameingia chooni na kalamu. Kwenye kalenda ile yote, iliyojaa hadi pembezoni, mstari mmoja tu ulikuwa mtupu, ule wa tarehe ishirini na tisa Februari, na kwa miaka thelathini na minane ulikuwa ukimkera kama jino lililong'oka. Akaandika: Tjaard B., akampisha Diederik aingie naye ajionee. Akarudi, akamkabidhi mtu wake kikopo cha dawa. Kompyuta ikalia mlio mdogo. Saa kumi na moja na dakika ishirini na saba.

"Kidogo tu, asubuhi na usiku," alimwambia. "Kikiisha Ijumaa ijayo, kipo kingine."

"Kikopo hiki ni cha mwezi mzima."

"Ijumaa ijayo," alisema Geeske.

"Elfu moja na mia tano!" Diederik alipiga kelele, na duka likalipuka. Kocha alimbeba mwokaji, unga ukapanda hewani kama theluji. Luppo alimkumbatia Tjaard, Tjaard akasimama wima kama nguzo inayokumbatiwa na mlevi. Makasha yangekwenda kutafuta ukuta kwingine.

Diederik Molhoek, daktari wa takwimu, akapanda juu ya kiti. Nywele zilikuwa zimemkauka vibaya na macho yake yaling'aa. Akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Bi Wiersema. Miaka kumi natafuta njia ya kujua duka la dawa linahudumia watu wangapi. Nimegawanya, nimezidisha, nimehutubia mikutano katika nchi sita. Wewe, bila mashine, bila ruzuku, ulijua. Unajua nani yupo, nani hayupo, na nani anapaka rangi banda la kuku. Naomba, mbele ya mashahidi hawa, kwa ajili ya ripoti yangu na kwa ajili ya wote watakaokuja baada yetu, utuambie neno moja tulishike."

Hata mashine ya kahawa ilitulia. Geeske alikuwa ameshageuza kibao cha mlangoni, kikasoma IMEFUNGWA. Akatazama juu ya bega la msomi, kule nyuma, kwenye ujia.

"Taa ya chooni," alisema. "Umeiacha inawaka."